Nyumba Iliyotoka Shambani

Gamba la mdalasini likishabanduliwa, mkononi mwa mkulima hubaki kijiti kitupu: cheupe, kilichonyooka, kinachoteleza kwa maji yake na kunukia hata siku ya pili. Gamba ndilo lenye bei. Litajikunja lenyewe juani, lifungwe mafungu, lishuke na gari hadi Morogoro mjini na pengine Dar es Salaam. Kijiti hakina mnunuzi. Hata hivyo Kinole, kata iliyoshikilia miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, hakitupwi hivi hivi. Kikinyooka vya kutosha kinaweza kuwekwa kando kiwe ufito. Kikipinda, kinaingia jikoni kuwa kuni.

Kwenye uamuzi huo mdogo, ufito au kuni, ndipo inapoanzia historia ya ujenzi wa mlimani. Siku hizi maabara za nchi nyingi zinahangaika na mabaki ya mazao: saruji inachanganywa na majivu ya pumba, vigae vinatiwa nyuzi za katani, mbao zinashindiliwa kwa makapi ya miwa. Ni kazi ya maana na inafaa kuungwa mkono. Ila mtu akiitazama akiwa Kinole haimshangazi sana. Anaona watu wanarudi, kwa njia ndefu na ya gharama, kwenye nyumba ambayo tangu mwanzo sehemu yake kubwa ilitoka shambani.

Kinole inajulikana Uluguru kote kwa ajili ya Chifu Kingalu. Hapa ndipo kilipo kiti cha chifu huyo wa Waluguru, na jina lenyewe hurithiwa kwa upande wa mama, kama ilivyo kwa ardhi na ukoo kwa Waluguru wengi. Tangu zamani wenye jina hilo waliheshimiwa hasa kwa habari ya mvua. Si ajabu. Upande huu wa mlima unatazamana na Bahari ya Hindi, upepo wa baharini unapanda na mawingu yake na kuyamwaga hapa kabla ya kuvuka kwenda Mgeta, upande wa magharibi, ambako hunyesha kidogo zaidi. Mvua hiyo ndiyo inayootesha ndizi, mananasi, mafenesi, machungwa, karafuu, iliki, pilipili manga na mdalasini. Na mvua hiyo hiyo ndiyo adui wa kwanza wa nyumba ya udongo.

Nyumba ya zamani, iwe ya msonge au ya pembe nne, ilianza kwa jembe. Mwenye kujenga alichonga mteremko mpaka akapata kiwanja, na udongo aliouchimba aliuacha pembeni kwa kazi itakayofuata. Nguzo zilitoka porini au msituni, maana nguzo ikioza nyumba imeanguka, na mti wa nguzo lazima uwe mgumu kwa mchwa. Baada ya nguzo, shamba lilichukua nafasi. Fito zilitoka kwenye vichaka vya mashamba yaliyopumzishwa, kwenye mianzi, na baadaye kwenye miti ya mazao. Kamba zilikuwa magamba makavu ya mgomba, yaliyochanwa na kulowekwa hadi yakalainika. Yakikauka yakiwa yamefungwa hukaza fundo kuliko alivyokaza mfungaji. Juu, nyasi. Chini ya nyasi, dari ya kuanikia mahindi, moshi wa jiko ukiyakinga na wadudu mwaka mzima.

Siku ya kukandika ilikuwa siku ya watu wengi. Udongo ulimwagiwa maji na kukanyagwa kwa miguu, na katikati ya kukanyaga yakatupiwa majani makavu na makapi ya nafaka. Wawili walisimama pande mbili za ukuta, mmoja ndani na mwingine nje, wakibamiza matonge ya tope kwa pamoja ili yakutane katikati ya fito na kushikana. Tonge likipigwa upande mmoja tu hudondoka. Ukuta ulipokauka ulipasuka nyufa nyembamba, na baada ya siku chache tope laini lililochujwa lilipita juu yake kwa kusiriba. Nyufa ambazo hazikuonekana ndizo zilizokuwa muhimu zaidi, na hizo zilizuiwa na makapi. Mfinyanzi ukikauka husinyaa. Ukisinyaa bila kitu cha kuushika hukatika vipande vikubwa. Majani yaliyomo ndani huugawa mpasuko mmoja mkubwa kuwa vijipasuko mia visivyo na madhara, na hupunguza uzito wa ukuta unaoning'inia kwenye fito.

Jambo hilo wajenzi wa udongo wa sehemu nyingi za dunia walilifahamu. Wasomaji wa Kitabu cha Kutoka wanakumbuka adhabu ya Farao kwa Waisraeli: walinyimwa majani makavu ya kufanyia matofali na kuambiwa wayatafute wenyewe, huku hesabu ya matofali ikibaki ile ile. Adhabu hiyo ina uzito kwa anayejua kazi. Bila majani tofali la Misri lingepasuka juani.

Uluguru ilikosa kitu kimoja walichonacho wafugaji wa nyanda kavu, nacho ni samadi ya ng'ombe. Huko Ugogoni na Umasaini samadi ndiyo inayoshika ukuta na kuukinga na maji. Waluguru hawakuwa watu wa makundi ya ng'ombe, mteremko hauruhusu. Kwa hiyo makapi, majani na nyuzi za mgomba zilibeba mzigo wote, na ukuta ukalindwa na upenu mrefu ulioshuka karibu na kifua cha mtu. Pale chini ya upenu palikaa baraza, kuni na wageni.

Shamba nalo lilidai mabaki yake. Hapa wasifiaji wa leo hupita haraka, na hapafai kupitwa haraka. Bua la mhindi lililoingia ukutani halikurudi kwenye udongo, na udongo wa mlimani ni mwembamba. Mgeta walikuwa na ngazi zao za asili: mkulima alikwangua magugu na mabaki ya msimu uliopita, akayalaza kwa mstari kukatisha mteremko na kuyafunika kwa udongo, msimu hata msimu, mpaka mlima ukawa na vidaraja. Mabaki yalikuwa mbolea na kinga ya mmomonyoko kwa pamoja. Serikali ya Waingereza ilipoleta Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru mwanzoni mwa miaka ya 1950, ililazimisha matuta mapana ya kuchimbwa, yaliyofukia udongo mzuri wa juu na kuleta juu udongo usio na rutuba wa chini. Mazao yakadhoofu, kazi ikawa nzito, hasira ikapanda. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaishia hapo. Waluguru walikuwa wamekataa kuelekezwa juu ya ardhi na watu ambao hawakuona kwamba kila kilichobaki shambani tayari kilikuwa na kazi.

Kwa muda mrefu, basi, hakukuwa na takataka za shamba. Kulikuwa na vitu vinavyogombaniwa na ukuta, paa, jiko, kuku na udongo.

Taka zilikuja na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye miche hiyo 62 lilizaliwa zao lililoitawala Tanganyika kwa zaidi ya nusu karne. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na tambarare zilizo chini ya Uluguru zikajaa mashamba makubwa: Tungi, Kingolwira, na zaidi kuelekea Kimamba na Kilosa. Waluguru wengi hawakupenda kukaa kambini huko; mlima uliwapa chakula. Wafanyakazi wakaletwa kutoka mbali, kila mmoja na kipande chake, kadi ya kazi ya siku 30.

Jani la mkonge huingia kwenye mashine iitwayo korona, linapondwa na kukwanguliwa, na upande wa pili unatoka uzi mrefu wa kijani unaokwenda kuanikwa. Uzi huo, ndio katani, ni karibu asilimia 4 ya uzito wa jani. Asilimia 96 ni maji na makapi yanayotiririka mferejini yakinuka. Kwa mara ya kwanza katika mkoa huu kilipatikana kilima cha mabaki ya shamba mahali pamoja, kikubwa kuliko ambacho udongo, mifugo au wajenzi wa jirani wangeweza kukimaliza. Hapo ndipo mabaki yakawa taka. Hayakubadilika yenyewe, kilichobadilika ni kwamba kazi ya kukoboa, kukamua na kukwangua iliondoka nyumbani ikahamia kwenye mashine moja. Hata hivyo wenyeji hawakukosa cha kuokota. Mkonge ukikaribia kufa huchipusha mlingoti wa ua, mrefu kama nguzo ya simu na mwepesi kama kibuyu, na mlingoti huo ulitumika kwenye mapaa, uzio na mabanda kila palipokuwa na shamba la mkonge.

Utawala wa Wajerumani ndio uliotangaza misitu ya juu ya Uluguru kuwa hifadhi, mwaka 1909. Nguzo, kile kipande pekee cha nyumba ambacho shamba halikuweza kukitoa, kikawa chini ya sheria.

Tofali la kuchoma lilipanda mlima kwa mikono mingine. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, wakasogea bara hadi Mhonda 1877, Morogoro 1882 na Tununguo 1884, kisha Matombo. Walifundisha kufyatua matofali kwa kalibu ya mbao na kuyachoma kwa kuni, na makanisa yao yalionyesha kwamba nyumba inaweza kusimama miaka mia bila kuezekwa upya kila baada ya misimu michache. Ilikuwa hoja isiyohitaji mahubiri. Kwa mwanamke aliyebeba mizigo ya nyasi kichwani kila paa lilipoanza kuvuja, bati halikuwa fahari tu, lilikuwa mapumziko. Wanaoililia nyumba ya nyasi kutoka mbali wasisahau hilo.

Saruji ya nchini ilianza kutoka Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Baada ya hapo nyumba bora ikawa na maana moja: kuta za tofali, sakafu ya saruji, paa la bati. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka 10, Mwalimu Nyerere aliandika tathmini yake na ndani yake akatenga nafasi ya kuzungumzia jambo hili. Alisikitika kwamba watu wanakaa wakisubiri saruji na bati ilhali udongo mzuri wa matofali na vigae wanaukanyaga kila siku. Saruji, alisema, nayo ni udongo, ila ni wa Ulaya. Wakati huo bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973, fedha za kigeni zilikuwa haba, na mfuko wa saruji ulikuwa mgumu kupatikana hata kwa mwenye pesa.

Serikali ilikuwa tayari imeanzisha Kitengo cha Utafiti wa Majengo mwaka 1971, ambacho tangu 2001 ni Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, wenye makao yake Mwenge, Dar es Salaam. Miaka ile kulikuwa na sababu nyingine ya kutafuta vifaa vipya. Mkonge ulikuwa unaanguka. Uzalishaji uliokuwa umepita tani 200,000 mwaka 1964 ulishuka mwaka hadi mwaka, kamba za plastiki zikichukua soko la dunia. Nchi ilikuwa na katani nyingi na mapaa machache. Wazo la kuviunganisha lilikuja lenyewe.

Watafiti wa Sweden walishirikiana na Watanzania katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutengeneza mabati ya saruji na katani. Hayakuhitaji kiwanda. Saruji, mchanga na nyuzi zilizokatwa fupi zilichanganywa, mchanganyiko ukatandazwa juu ya karatasi ya nailoni ndani ya fremu, kisha ukavutwa taratibu na kulazwa juu ya kalibu yenye mawimbi. Katani ndiyo iliyowezesha hilo. Mchanganyiko mbichi usio na nyuzi ukivutwa juu ya wimbi hukatika. Wenye nyuzi hujikunja kama chapati. Ulipokauka ulikuwa bati la saruji, zito, lisilopiga kelele mvua inaponyesha na lisilochoma ndani saa nane mchana.

Kisha likaanza kupasuka.

Sababu ilielezwa vizuri na Hans-Erik Gram wa Sweden mwaka 1983. Maji yaliyobaki ndani ya saruji yana magadi makali. Magadi hayo huyeyusha gundi ya asili inayoshikamanisha chembe za uzi wa katani, na kila mzunguko wa kulowa na kukauka unayaingiza tena. Katika hali ya hewa ya joto na mvua, kama ya mashariki ya Uluguru, uzi unaweza kupoteza nguvu yake yote ndani ya miaka michache. Kwa nje bati linaonekana zima. Kwa ndani katani imekuwa kama uzi wa mahindi makavu, ukiugusa unakatika. Fundi akipanda juu kuziba tundu, bati linavunjika chini ya mguu wake.

Yalipatikana majibu mawili. La kwanza lilikuwa la umbo: Uingereza, J. P. M. Parry na wenzake waliacha mabati makubwa wakatengeneza vigae vidogo, vya unene usiofika sentimeta moja, kwa meza ndogo inayotetemeshwa. Kigae kidogo hakihitaji uzi wa kukibeba miaka 20. Kinauhitaji kwa saa za mwanzo tu, wakati kinapokunjwa kikiwa kibichi. Vigae hivyo vilienea katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, katika miaka ya 1980, na hatimaye watengenezaji wakagundua kwamba mtetemo mzuri unatosha, wakaondoa nyuzi kabisa. Katani ilitolewa kwenye kigae kilichobuniwa kwa ajili yake.

Jibu la pili lilikuwa la kikemia: kuondoa sehemu ya saruji na kuweka mahali pake unga laini wa silika, ambao huyala magadi kabla hayajala uzi. Sweden walitumia unga unaotoka kwenye viwanda vya silikoni na aloi zake. Lakini silika ya tabia hiyo hiyo ilikuwa ikirundikwa na kuchomwa ovyo katika mkoa wa Morogoro wenyewe, nje ya kila mashine ya kukoboa mpunga kuanzia Ifakara hadi mjini. Tani moja ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za pumba. Pumba hizo zikiungua huacha kama kilo 40 za majivu, na zaidi ya asilimia 85 ya majivu ni silika. Katika miaka ya 1970 P. K. Mehta, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, alionyesha kwamba pumba zikichomwa kwa joto lisilozidi nyuzi 700 hivi, majivu yake yanashirikiana na chokaa kama saruji. Zikizidi joto, silika hugeuka kuwa chembe ngumu zisizofanya kazi.

Katani na mpunga, vyote vya Morogoro, vilikuwa na dawa ya ugonjwa mmoja. Havikukutana kwa kiasi cha kubadilisha mapaa ya watu. Mkonge ulikuwa wa mashirika na mashamba makubwa, mpunga ulikuwa wa wakulima wadogo na wenye mashine, na kati yao hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilimtaka avijue vyote viwili.

Waliozishika pumba ni mafundi wa matofali. Hakuna mwaka wa kuandikwa wala hati ya mradi inayoweza kutajwa. Ni ujuzi uliopita kutoka tanuri hadi tanuri, katika bonde la Kilombero, Mbeya, Kahama na kokote palipo na mpunga mwingi na miti michache. Tanuri la kuni lina milango chini, na magogo husukumwa ndani usiku na mchana. La pumba hupangwa kwa namna nyingine. Matofali mabichi huachiwa mapengo, pumba hujazwa ndani ya mapengo na kuzungushiwa nje, moto kidogo huwashwa chini, kisha fundi anasubiri. Pumba haziwaki kwa ndimi. Zinafuka na kuliwa polepole, siku hata siku, moto ukipanda tabaka kwa tabaka, na kazi kubwa ni kuongeza pumba juu pale zinapozama. Mtu akipita mbali anaona kichuguu cha kijivu kinachotoa moshi mwembamba. Kikipoa na kupanguliwa, matofali hutoka mekundu katikati ya majivu meupe na meusi, na ya pembeni yakiwa hayajaiva vizuri hurudishwa tanuri linalofuata.

Njia hiyo imeokoa miti mingi. Na kama tope lenyewe litachanganywa na pumba kabla ya kufyatuliwa, kila tofali hubeba sehemu ya moto wake ndani: pumba inaungua ikiacha vitundu, na tofali linakuwa jepesi, ingawa zikizidi linakuwa dhaifu. Ni makapi yale yale ya siku ya kukandika, safari hii yakiwa ndani ya moto.

Kinole haikufaidika sana na hili. Mpunga wa mlimani unaolimwa kwenye miteremko ya chini ni wa kula nyumbani. Kinachobaki ungoni huenda kwa kuku na kwenye jalala, hakifikii hata robo ya tanuri. Tofali la Kinole linaiva kwa kuni, na kuni zinatafutwa jirani na msitu ambao tangu 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Msitu huo una ndege na mimea isiyopatikana kwingine duniani, na vijito vyake vinaungana kuwa Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Kila tanuri moja la mlimani linaonekana dogo. Yakihesabiwa pamoja kwa kila kitongoji, kila kiangazi, ni magogo mengi.

Kwa nini basi pumba zisipandishwe? Jibu liko kwenye uzito. Mita moja ya ujazo ya pumba ina kilo 100 na kidogo tu. Gari hujaa kabla halijabeba kitu, na barabara ya Kinole wakati wa masika haimsamehe dereva. Mabaki ya shamba karibu yote yana tabia hiyo: ni mepesi, ni mengi, na yanapenda kutumika pale pale yalipo. Mjenzi wa zamani hakuihitaji hesabu hii kwa sababu shamba lake lilikuwa mlangoni. Kiwanda cha leo kinaihitaji kila asubuhi. Nairobi, kampuni ya MycoTile iliyoanzishwa na Mtamu Kililo hulisha kuvu wa uyoga kwa mabaki kama makapi ya miwa; nyuzi za kuvu hupenya kila chembe na kuyafunga kuwa ubao wa kuzuia joto na kelele, bila gundi ya dukani na bila tanuri la matofali. Lakini ubao wa namna hiyo unataka malighafi ya karibu. Kwa Morogoro, mahali pake pa kawaida pangekuwa karibu na viwanda vya sukari vya Kilombero au Mtibwa, na hata huko kuna mgombania mwingine: viwanda vya sukari huyachoma makapi yao kwenye matanuru ya mvuke kuendesha mitambo.

Kinole ina mabaki ya aina yake, na mengi ni ya migomba. Mgomba huzaa mkungu mmoja na kukatwa, na shina lake, lenye nyuzi kutoka juu hadi chini, huachwa lioze kando ya shimo. Huko lina faida yake kwenye udongo. Sehemu ya nyuzi hizo ingeweza kutoka bila shamba kudhulumiwa, kwa vile kinacholisha udongo zaidi ni majimaji na nyama ya shina. Wakala ulioko Mwenge umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana, udongo na saruji kidogo vikishindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa, na udongo wa kufanyia hivyo uko mlimani. Nyuzi za mgomba ndani ya tofali la udongo usiochomwa zingefanya kazi ile ile ya majani makavu ya zamani, na saruji ikiwa kidogo magadi nayo yangekuwa madogo. Jambo hili linastahili kujaribiwa Kinole kwenyewe, na mafundi wa Kinole, kwenye mvua ya Kinole.

Kwa sasa nyumba nyingi za kata hii zina sura mbili. Mbele kuna tofali la kuchoma na bati, lililolipiwa kwa karafuu na mananasi ya misimu kadhaa. Nyuma, hatua chache kupita uani, kuna jiko. Jiko hilo ni la fito na udongo, na mwenye nyumba hajalibomoa hata baada ya kupata fedha, kwa kuwa bati juu ya moto hutoa jasho na moshi unakosa pa kutokea, wakati nyasi hupumua. Ndani yake mahindi yako darini, yamekuwa meusi kwa masizi. Upande unaopigwa na mvua ukuta umebanduka kidogo, na palipobanduka fito zinaonekana, zikiwa zimefungwa kwa mgomba. Tonge la tope lenye makapi limeshawekwa pembeni, likisubiri jioni, watu warudi shambani, mmoja asimame ndani na mwingine nje.